Neno Refu la Kiingereza Hushikwa Mkiani

Anayejifunza Kiingereza, mapema au baadaye, atawekewa mbele neno "antidisestablishmentarianism". Halimfikii kupitia gazeti wala barua ya ofisini. Huletwa na mtu anayetaka kumpima: haya, soma hili tukuone. Lina herufi 28, na kwa miaka mingi limesifiwa kuwa ndilo refu kuliko yote katika lugha hiyo. Mwaka 1955 msichana wa miaka 12 nchini Marekani alilitaja herufi kwa herufi katika kipindi cha televisheni cha maswali na zawadi, na sifa zake zikaenea. Marefu zaidi yapo. Mwaka 1935 kiongozi mmoja wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani alibuni jina la ugonjwa wa mapafu lenye herufi 45, kusudi tu lishinde mengine. Hilo naliweka kando, maana lilitungwa ili liwe refu. Hili la herufi 28 lina faida kubwa kwa mwenye kutaka kujifunza, kwa sababu vipande vyake vyote vinafanya kazi kila siku katika maneno mengine. Hoja yangu ni kwamba neno la namna hii hutushinda kwa sababu tunalishambulia kutoka mbele, silabi baada ya silabi, mpaka pumzi inakatika. Ukilishika mkiani linafunguka, na mzungumzaji wa Kiswahili ana sikio la kazi hiyo kuliko anavyodhani.

Tuanze na maana, kwa kuwa neno usilolielewa huwezi kulikata penye maungio. Kanisa la Uingereza lilijitenga na Roma katika karne ya 16, wakati wa Mfalme Henry VIII, na sheria ikalifanya kuwa kanisa la dola. Mpaka leo mfalme wa nchi hiyo ndiye msimamizi wake mkuu, na maaskofu 26 wana viti katika baraza la juu la Bunge. Hadhi hiyo ya kisheria ndiyo iliyoitwa "establishment". Katika karne ya 19 hadhi hiyo ikaanza kupingwa, hasa Ireland, ambako waumini wengi walikuwa Wakatoliki lakini kanisa la dola lilikuwa la Kianglikana, na kwa muda mrefu wakulima Wakatoliki walilazimika kulilipia zaka kanisa ambalo hawakusali ndani yake. Mwaka 1869, chini ya Waziri Mkuu William Gladstone, Bunge lilipitisha sheria ya kuliondolea Kanisa la Ireland hadhi hiyo, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1871. Wales ilifuata kwa sheria ya mwaka 1914, ambayo utekelezaji wake uliahirishwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1920. Kitendo cha kuiondoa hadhi hiyo kikaitwa "disestablishment". Waliokitaka wakaitwa "disestablishmentarians". Ukiweka "anti" mbele na "ism" nyuma, umepata msimamo wa wale waliopinga Kanisa lisivuliwe hadhi yake ya kidola. Kwa hiyo kila kipande katika mlolongo ule kinafuata hatua moja ya ugomvi wa kweli wa kisiasa. England yenyewe haijafika huko, na mjadala haujafungwa.

Sasa tazama kiini chake. Katika Kilatini "stabilis" maana yake ni imara, nalo lilitokana na kitenzi cha kusimama. Kifaransa cha kale kikapata "establir", yaani kuimarisha, na baada ya Wanormani, waliosema Kifaransa, kuitwaa England mwaka 1066, maneno ya namna hiyo yaliingia katika Kiingereza kwa mamia. Linganisha na Kiswahili. Tuna kivumishi "imara", tunakitia kiambishi cha kusababisha tunapata "imarisha", kisha tunaweka u- mbele na -ji nyuma tunapata nomino "uimarishaji". Kiingereza kimepita njia ileile: kivumishi kilizaa kitenzi "establish", na kitenzi kikapewa "ment" kikawa nomino. Hata ile "ish" inayosikika katika "establish" na katika "imarisha" inafanana, ingawa ni sadfa tu. Ya kwao ilitoka katika mnyambuliko wa vitenzi vya Kifaransa, ya kwetu ni ya Kibantu. Ni sadfa inayomsaidia mwanafunzi kukumbuka, basi aitumie.

Kipande cha "dis" nacho si kigeni kwetu kikazi, ijapokuwa mahali pake ni pengine. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga inakuwa fungua, ziba inakuwa zibua, tega inakuwa tegua. Sisi kinyume cha tendo tunakitia mwishoni mwa shina. Kiingereza hukitia mwanzoni. Swali linalowatatiza wengi ni hili: ikiwa "dis" inatendua na "anti" inapinga, si zinafutana, tukabaki na neno fupi lisilo na hasi yoyote? Hapana, na sababu ni kwamba vipande havikupangwa vyote kwa wakati mmoja kama shanga uzini. "Dis" imeshikamana na kitenzi cha ndani kabisa, ikafanya tendo jipya la kuvua hadhi. Ndipo "ment" ikalifanya tendo hilo jina, "arian" ikampa jina anayelitaka, halafu "anti" ikaja kupinga kifurushi chote. Anayepinga mlango usifunguliwe si lazima awe ndiye aliyeufunga, wala hatetei kufunga milango yote. Anajibu pendekezo la mtu mwingine. Neno refu limehifadhi habari hiyo ya nani alianza na nani alijibu, jambo ambalo neno fupi lingelipoteza.

Tukija kwenye silabi, hesabu inayokubalika ni 12: an-ti-dis-es-tab-lish-men-tar-i-an-is-m. Wengi huishia 11, kwa sababu hawaamini kwamba ile "m" ya mwisho, isiyo na irabu, inaweza kusimama peke yake. Mswahili hana haki ya kushangaa hapo. Neno "mtu" lina silabi mbili, m na tu, na sauti inapanda juu ya ile "m" iliyo peke yake. "Mbwa" ni m-bwa, "nchi" ni n-chi, "nne" ni n-ne. Konsonanti ya puani inayobeba silabi nzima ni jambo tunalolitamka tangu utotoni bila kufundishwa, na Kiingereza kinalitumia mwishoni mwa kila neno la "ism", hata kama wengine huchomeka irabu fupi mbele yake. Kinachotuletea taabu zaidi ni silabi zinazofungwa na konsonanti, kama "tab", "lish" na "men". Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, ndiyo maana "bank" ilipofika kwetu ikawa benki na "shirt" ikawa shati. Mwanafunzi anayesoma neno hili huwa na mvuto wa kuongeza irabu katikati, na ghafla silabi 12 zinakuwa 15 au zaidi. Akijua mapema kwamba atavutwa hivyo, anajizuia.

Lakini kiini cha jambo ni mkazo, na hapa ndipo tunapolishika neno mkiani. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni hiyo ina nguvu kiasi kwamba neno likiongezwa kitu nyuma, mkazo unahama wenyewe: NYUmba, lakini nyuMBAni, kiTAbu, lakini kitaBUni, PIga, piGAna, pigaNIsha. Maneno machache huivunja, na mfano unaotajwa sana ni tofauti ya baraBAra wanakopita watu na baRAbara yenye maana ya sawasawa. Hata maneno ya kukopa hayasazwi. Waingereza huweka mkazo mwanzoni katika "hospital", "camera" na "cinema". Sisi tunasema hospiTAli, kaMEra na siNEma. Basi mtu aliyelelewa katika lugha hii tayari anajua mambo mawili makubwa: kwamba mkazo huhesabiwa kutoka nyuma, na kwamba kiambishi kikiongezwa nyuma sauti inaweza kuhama. Mambo hayo mawili ndiyo msingi wa mkazo katika maneno marefu ya Kiingereza.

Tofauti ni kwamba Kiswahili hakijali ni kiambishi gani kilichoongezwa, ilhali Kiingereza kinauliza jina lake. Viko viambishi tamati vinavyouvuta mkazo hadi silabi iliyo mbele yao tu, nayo huwa ya pili kutoka mwisho. Hivyo ni "tion" na "ic", kama katika eduCAtion na photoGRAphic. Mswahili hupata maneno haya bure, kwa mazoea yake mwenyewe, na ndiyo sababu ni nadra kumsikia akikosea mkazo wa "education". Viko vingine vinavyotaka mkazo ukae silabi ya tatu kutoka mwisho: "ity", "logy", "graphy", "ical", na jamii ya "ian". Hapo ndipo sikio letu linapotupotosha. Si ajabu kusikia mtu akisema photoGRAphy, wakati Kiingereza kinadai phoTOgraphy. Mazoea yamemrudisha silabi moja nyuma ya inapotakiwa. Viko vichache vinavyojibebea mkazo wenyewe mwishoni kabisa, kama employEE, engiNEER na ChiNESE. Na liko kundi la nne, kubwa na la maana sana, la viambishi visivyougusa mkazo kabisa: "ness", "less", "ful", "ly", "er", "ment", "ist" na "ism". Neno linaweza kubandikwa viwili vya kundi hilo na mkazo usisogee hata kidogo. CARE, CAREless, CARElessness: sauti inabaki ilipokuwa, na urefu wote unaning'inia nyuma yake.

Ukiuliza kwa nini kuna makundi haya, jibu kubwa liko katika historia. Kiingereza cha asili ni lugha ya jamii ya Kijerumani, na tabia ya lugha za jamii hiyo ni kuutia mkazo mwanzoni mwa mzizi na kuuacha hapo. "Ness", "less" na "ful" ni za ukoo huo. Kifaransa, Kilatini na Kigiriki vilipomiminika vikaja na viambishi vilivyozoea kuhesabu kutoka nyuma. Lugha moja ikabaki na taratibu mbili. Hata hivyo mgawanyo haukutimia kikamilifu, kwani "ment" ilitoka Kilatini na "ism" ilitoka Kigiriki, nazo zote mbili zimejiunga na kundi lisilougusa mkazo. Kwa hiyo asili inaeleza mengi, lakini anayetaka kusoma sawasawa asiitegemee peke yake; avijue viambishi vyenyewe kwa majina.

Turudi kwenye neno letu tukiwa na kipimo hicho. Anza mwisho. "Ism" haigusi mkazo, iondoe. Inayofuata ni "arian", ya jamii ya "ian", nayo inadai mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho wake yenyewe: TAR-i-an. Umemaliza. Huna haja ya kujua chochote kuhusu zile silabi saba za mbele ili kujua kwamba kilele cha sauti kiko kwenye TAR. Ukitaka uthibitisho, pima kwa maneno ya ukoo uleule. "Parliament" lina mkazo mwanzoni, lakini mbunge mzoefu ni parliamenTARian. "Humanity" lina mkazo kwenye MAN, lakini mtoa misaada ni humaniTARian. "Authority" lina mkazo kwenye THOR, lakini mtawala wa mabavu ni authoriTARian. Asiyekula nyama ni vegeTARian, na ukiongeza "ism" kwa yeyote kati ya hawa, TAR haitikisiki. Katika "antidisestablishmentarianism" silabi hiyo inakuwa ya tano kutoka mwisho, mahali ambapo Kiswahili hakipeleki mkazo kamwe. Hakuna mtu wa Pwani wala wa bara atakayepafikia kwa kubahatisha, lakini kwa kumenya kutoka nyuma anafika kwa hatua mbili.

Zile silabi saba za mbele hazilingani nguvu. Kiingereza kinapenda kupokezana, silabi nzito ikifuatwa na nyepesi, na kwa hiyo kuna mikazo midogo njiani: AN-ti-DIS-es-TAB-lish-men-TAR. Ile TAB ndiyo iliyokuwa kilele katika "establish". "Arian" ilipoingia ilishushwa cheo lakini haikufutwa. Zisizo na mkazo hulegea mpaka irabu yake inakuwa hafifu, si a wala e, sauti ambayo Kiswahili hakina. Kwetu irabu tano hubaki wazi popote zilipo, na hilo ni zuri kwa lugha yetu, lakini linaeleza kwa nini msomaji wetu akilitamka neno hili kwa uaminifu wa herufi, kila silabi ikiwa na uzito sawa, msikilizaji wa London au Chicago hupotea njiani. Anatafuta vilele naye amepewa tambarare.

Kuna atakayesema kwamba kanuni hizi ni za kujifariji, kwa sababu mkazo wa Kiingereza haueleweki hata kwa wenyewe. Pingamizi hilo lina ukweli wa nusu. Katika maneno mafupi ni kweli kabisa: REcord ni kumbukumbu na reCORD ni kurekodi, na hakuna mkia wa kukuonyesha. Hata kwenye viambishi vinavyotii kuna waasi. "Ic" inadai silabi iliyo mbele yake, lakini Waingereza husema Arabic, politics na Catholic kwa mkazo wa silabi ya kwanza. Mwaka 1968 wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walichapisha kitabu kizito, "The Sound Pattern of English", wakijaribu kuonyesha kwamba mkazo wa lugha hiyo unaweza kutabiriwa kwa kanuni, na wataalamu wengine wamebishana nao juu ya mengi tangu hapo. Lakini ubishi wao unahusu jinsi ya kuzieleza kanuni. Kwamba "ity" na "tion" huuvuta mkazo na "ness" haiuvuti, hilo halina mgogoro. Na jambo ambalo mwanafunzi haambiwi ni kwamba kadiri neno linavyorefuka ndivyo linavyozidi kutabirika, kwa sababu limejaa viambishi. Neno fupi lisilo na kiambishi ndilo la kukariri. Hofu yetu imeelekezwa kusiko.

Pingamizi la pili ni kwamba neno hili ni la makumbusho, halitumiki, na mwandishi mwema huandika maneno mafupi. Nakubali yote matatu, ila hayaathiri hoja. Merriam-Webster, wachapishaji wa kamusi maarufu za Marekani, hawaliingizi katika kamusi yao kwa sababu halina matumizi ya kutosha nje ya kutajwa kama neno refu. Lakini viungo vyake vinatumika kila siku, na hatukuvichagua sisi. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, na akiingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza. Wiki ya kwanza ratiba yake ina "biology" na "geography". Wiki chache baadaye mwalimu anasema "biological" na "geographical", na mkazo umehama kutoka biOlogy kwenda bioLOgical, kutoka geOgraphy kwenda geoGRAphical. Mtoto anayasikia kama maneno manne yasiyohusiana, anayakariri manne, wakati ni mawili yaliyobadili mkia. Wakati huohuo anaweza kuwa anajua kwamba mmea hufanya usanisinuru, neno ambalo mwenyewe analigawa bila taabu kuwa usanisi na nuru. Uwezo wa kuchambua anao. Hajaonyeshwa tu kwamba unafaa na huku.

La tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Watu husema: Kiingereza cha Afrika Mashariki ni chetu, tunaelewana kwa mkazo wetu, kwa nini tuhangaike kufanana na London? Hakuna sababu ya kufanana na London. Wazungumzaji wa asili wenyewe hawafanani. Mwingereza husema laBOratory na Mmarekani LAboratory, na kazi za maabara zinaendelea pande zote mbili. Mtu asione haya kwa lafudhi yake. Faida ninayoitetea iko kwenye kusikiliza na kusoma. Anayejua kwamba photoGRAphic na phoTOgraphy ni ndugu atamfuata mhadhiri, daktari au mtangazaji wa nchi yoyote bila kuachwa nyuma, hata kama yeye binafsi ataendelea kutamka apendavyo. Na anayejua kumenya kutoka nyuma hupata maana pamoja na sauti, maana kiambishi kilekile kinachouvuta mkazo ndicho kinachoeleza kama jambo ni tendo, mtu, sifa au itikadi.

Mwalimu anayetaka kulijaribu hili darasani hahitaji vitabu vipya. Kamusi yoyote nzuri ya wanafunzi wa Kiingereza huweka kistari kidogo juu, kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, na kistari kama hicho chini, kabla ya silabi yenye mkazo mdogo. Awape wanafunzi maneno kumi yanayoishia kwa "ity" na kumi yanayoishia kwa "ness", watafute kistari cha juu katika kila moja, wahesabu silabi kutoka nyuma, na waandike walichokiona. Kwenye "ity" namba itakuwa ileile karibu kila mara. Kwenye "ness" itabadilikabadilika, na mwanafunzi atakayeuliza kwa nini aambiwe aifute "ness" na kulitazama tena neno lililobaki.